Mananasi ya Idjwi

Katika Ziwa Kivu, baina ya Kongo na Rwanda, kimo kisiwa kiitwacho Idjwi. Ni kisiwa kirefu, chenye vilima na mashamba madogo madogo, na watu wake huvuka maji kwenda kuuza mazao yao Bukavu na Goma. Sisi wa visiwani tunayajua maisha ya namna hiyo. Tunajua kwamba mgonjwa akizidiwa usiku, hapana hila ila kungojea alfajiri na chombo. Mwaka 2012 ulipokuwa ukimalizika, wanawake wa Idjwi walifanya jambo ambalo, tangu nilipolisikia, halijanitoka moyoni. Waliuza mananasi na vitunguu, wakachanga fedha kidogo kidogo, ili wamlipie daktari mmoja nauli ya ndege ya kumrejesha kutoka Ulaya.

Daktari huyo ni Denis Mukwege, mtaalamu wa maradhi ya wanawake. Mwaka 1996 alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya Lemera, katika Kivu Kusini, pale ilipovamiwa mwezi wa Oktoba na wagonjwa wakauawa vitandani mwao pamoja na wauguzi wao. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali nyingine, Panzi, mjini Bukavu. Nia yake ilikuwa kuwanusuru wajawazito wasife wakijifungua. Mgonjwa wake wa mwanzo wa upasuaji hakuwa mjamzito. Alikuwa mwanamke aliyebakwa, kisha akapigwa risasi. Baada ya huyo wakaja makumi ya maelfu. Septemba 2012 daktari alisimama katika Umoja wa Mataifa, mjini New York, akailaumu dunia pamoja na serikali yake kwa kunyamaza. Mwezi uliofuata watu wenye silaha wakamngojea nyumbani kwake, wakamuua mtu aliyemfanyia kazi, naye akasalimika kwa tundu ya sindano. Akaihamisha familia yake Ulaya. Ndipo yalipouzwa mananasi. Januari 2013 alirejea, na njia ya kutoka uwanja wa ndege wa Kavumu mpaka mjini ilikuwa imejaa watu waliokuja kumlaki. Wanawake, ambao hawakuwa na bunduki hata moja, walimwahidi kwamba watamlinda wao wenyewe.

Nimeanza na habari hii kwa sababu imenizuia kulijibu kwa wepesi swali ambalo wengi hulijibu kwa wepesi. Husemwa siku hizi, katika mikutano na katika maazimio, kwamba haki katika afya na usawa baina ya wanawake na wanaume ni nguzo za amani, hata pale mapigano yanapokuwa bado hayajazimika. Ni maneno mazuri, nami si adui wa maneno mazuri. Ndiyo kazi yangu. Lakini mtu aliyekaa Bukavu ana haki ya kuuliza. Milango ya Panzi ilifunguliwa mwaka 1999, na vita havikukoma. Goma ilitekwa Januari 2025, na Bukavu yenyewe Februari ya mwaka huo huo. Basi dawa imeleta amani gani? Au kazi ya dawa ni kuvifanya vita vivumilike tu, kuwashona waliochanwa ili wapate kuchanwa tena?

Miaka kadhaa iliyopita taasisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, iliniomba nitafsiri kutoka Kiingereza kijitabu cha kurasa 12 juu ya afya ya wanawake katika nchi zenye vita. Mimi sikusoma chuo. Lugha za kigeni nimeziokota vitabuni na redioni, na kwa hiyo kila kazi ninayopewa huwa kwangu ni darasa. Katika kijitabu kile yalinikwaza maneno 2 ambayo kwa Kiswahili yote hukimbilia katika neno moja, usawa. La kwanza lilikuwa na maana ya kumpa kila mtu kipimo kile kile. La pili lilikuwa na maana ya kumpa kila mtu kwa kadiri ya haja yake, ili mwisho wasimame pamoja. Nilijaribu uadilifu, nikaona umekaa zaidi katika nafsi ya mtu kuliko katika mgao. Nikalikumbuka neno la wazee, insafu, neno zuri, lakini nikahofu kwamba wauguzi watakaokisoma kijitabu watalidhani ni jina la mtu. Mwisho nikaandika haki, nikalala nalo, na mpaka leo sijui kama nilipatia.

Nina desturi ya kuisoma tafsiri kwa sauti mbele ya mtu asiyekuwa na habari ya asili yake. Wakati ule msikilizaji wangu alikuwa bibi mmoja jirani, aliyekuwa mkunga wa jadi kabla ya macho yake kumsaliti. Nikafika mahali pasemapo kwamba wanawake na makundi mengine dhaifu wapewe kipaumbele katika mgao wa misaada. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, huyo mwanamke anayetajwa hapo, si ndiye aliyembeba mgonjwa mpaka hospitali?"

"Ndiye, bibi."

"Na mgonjwa ni nani?"

"Pengine mtoto wake. Pengine mume. Pengine mkwewe."

"Basi hapo dhaifu ni yupi?"

Sikuwa na jibu, nikasingizia sala.

Wanaoitetea dawa kuwa ni mlango wa amani hupenda kutoa mfano wa El Salvador, na hakika ni mfano wa kupendeza. Nchi ile ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1980. Mwaka 1985, kwa juhudi za shirika la UNICEF lililoongozwa na James Grant, na kwa upatanishi wa Kanisa Katoliki, serikali na wapiganaji wa msituni walikubaliana kunyamazisha bunduki katika Jumapili 3, ili watoto wachanjwe. Walichanjwa kama 250,000, dhidi ya surua, polio, pepopunda, kifaduro na dondakoo. Siku hizo, zilizopewa jina la siku za utulivu, zikarudiwa kila mwaka mpaka mkataba wa amani ulipotiwa saini Januari 1992. Sudani nako, mwaka 1995, Jimmy Carter aliyekuwa rais wa Marekani alizishawishi pande 2 zisitishe mapigano ili ushughulikiwe mnyoo wa Guinea, ule unaotoka mguuni polepole kama uzi. Na mapatano yale yakadumu karibu miezi 6.

Nani asiyefurahi kuyasikia haya? Lakini tuyatazame vyema. Jumatatu iliyofuata kila Jumapili ile, vita viliendelea El Salvador, miaka 7 mizima. Sudani mkataba wa amani baina ya kaskazini na kusini haukuja mpaka 2005, miaka 10 baada ya mnyoo kupewa nafasi ya kutibiwa. Mwenye shaka anaweza kusema kwamba makamanda waliitumia siku ya chanjo kupumzisha askari, na kwamba mtoto aliyechanjwa surua hakuchanjwa risasi. Sitamkatalia. Ninachokiona mimi katika Jumapili zile ni kitu kidogo zaidi kuliko amani, na pengine ndicho mbegu yake. Vita, kabla ya kuwa moto, huwa ni hesabu. Huanza pale watu wanapokubaliana kwamba mwili huu unahesabika na mwili ule hauhesabiki, kwamba mtoto wa huku akifa ni msiba na wa kule akifa ni habari. Sindano inayoingia katika mkono wa mtoto wa askari na wa mtoto wa muasi siku moja, kwa dawa ile ile, inaikataa hesabu hiyo. Haivimalizi vita, lakini inavunja hoja iliyovianzisha, walau kwa siku moja, mbele ya macho ya kila mtu.

Na ni nani waliotembea kwa miguu Jumapili zile, na watoto migongoni na mikononi? Habari za mapatano hutaja marais, maaskofu, makamanda na wakuu wa mashirika. Wenye miguu hawatajwi.

Jambo hili ni la zamani. Juni 1859 majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipambana na ya Austria huko Solferino, kaskazini ya Italia, na majeruhi kwa maelfu wakaletwa katika mji wa jirani, Castiglione. Mfanyabiashara wa Uswisi, Henri Dunant, alipita akakuta wanawake wa mji wakiwaosha na kuwafunga vidonda wote, rafiki na adui, wakisema kwamba wote ni ndugu. Dunant akaandika kitabu, kikatoka 1862. Kitabu kikazaa kamati iliyokuja kuwa Msalaba Mwekundu. Na Agosti 1864 mataifa 12 yakatia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva, wa kumlinda majeruhi na anayemtibu. Mwanamke hakuketi katika meza ile. Niruhusiwe hapa neno moja la mfasiri: tamko lile la Castiglione, kwa Kitaliano, ni la ndugu wa kiume. Wanawake wale walipotaka kusema kwamba binadamu ni mamoja, lugha yao iliwapa neno lisilowaingiza wao wenyewe. Kiswahili kimetuneemesha kwa ndugu asiyeulizwa jinsia yake, ingawa sisemi kwamba kwa hilo sisi tumekuwa wema zaidi.

Sasa nije Beni, ambako ndiko lilikonipeleka swali hili kwa kweli.

Beni, katika Kivu Kaskazini, wengi wetu visiwani tuliijua kwa majeneza. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya jeshi la Umoja wa Mataifa kwenye Mto Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa, wakauawa askari wa Tanzania wasiopungua 14, baadhi yao wakiwa vijana wa visiwa hivi. Walikuwa wamekwenda kulinda watu ambao tangu Oktoba 2014 walikuwa wakichinjwa vijijini mwao. Haikupita mwaka, tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwamba Ebola imeingia eneo lile lile. Ebola ilikaa mpaka Juni 2020. Iliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287.

Hapo dunia ilikuja, tena ilikuja na kila kitu: magari, mahema, chanjo mpya, wataalamu, fedha. Na hapo hapo watu waliokuja kuokolewa walianza kuwarushia mawe waokozi wao. Vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari kutoka Kameruni, Richard Mouzoko, alipigwa risasi akafa akiwa kazini katika hospitali ya Butembo. Magazeti ya mbali yakaandika kwamba ni ujinga, kwamba watu wa Kivu wanaamini uchawi.

Mimi sidhani ulikuwa ujinga. Nadhani ilikuwa hesabu. Watu wa Beni waliuliza swali ambalo mtoto wa chuoni angeliuliza: tumechinjwa miaka 4, hamkuja, tunakufa kwa malaria kila msimu, hamkuja, leo umeingia ugonjwa unaoweza kupanda ndege na kufika kwenu, mmekuja mbio. Je, mmekuja kwa ajili yetu au kwa ajili yenu? Mwaka 2019 huo huo surua ilikuwa ikienea Kongo nzima, na ilipofika Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, walio wengi wakiwa watoto wadogo, yaani zaidi ya mara 2 ya waliouawa na Ebola. Surua haikuletewa misafara ya magari kama ile. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais pamoja na wenzao, na mojawapo ya sababu iliyotolewa ilikuwa Ebola. Kesho yake waandamanaji walikivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Ugonjwa ulikuwa umegeuzwa sababu ya kumnyima mtu sauti yake. Ungetaraji aipende hospitali ya ugonjwa huo?

Ndiyo maana nasema kwamba haki katika afya si pambo linalotundikwa juu ya dawa. Dawa ile ile, chanjo ile ile njema, ikiletwa kwa mgao unaoonekana kuwa wa dhulma, huingia vitani na kuwa upande mmojawapo.

Na wanawake je? Zaidi ya nusu ya walioambukizwa Ebola katika mlipuko ule walikuwa wanawake. Sababu si fumbo. Anayemlisha mgonjwa, anayemfulia, anayemwosha maiti, anayembeba mtoto mwenye homa kutoka zahanati moja hadi nyingine, ni yeye. Chanjo ilipokuja, wajawazito na wanaonyonyesha walizuiliwa kwa hofu ya madhara kwa watoto wao, na mlango haukufunguliwa kwao mpaka 2019. Ziko hoja za kitabibu katika hofu hiyo, nami si tabibu. Naliona jambo moja tu: hofu ya sindano ilipimwa, lakini hofu ya Ebola yenyewe kwa mama yule yule haikuwekwa katika mizani ile mapema.

Liko na jingine lililonitia aibu ya kikazi. Watu waliokwenda kuchunguza lugha za mlipuko ule walikuta kwamba mabango na vipeperushi vingi vilikuwa kwa Kifaransa na kwa Kiswahili sanifu, na kwamba wengi hawakuvielewa vyema, hususan wanawake na wazee, ambao lugha yao ni Kinande na Kiswahili cha kwao. Kiswahili sanifu! Hicho ni Kiunguja chetu, kilichochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kikatengenezewa kamusi na sarufi, tunachojivunia kwamba kimevuka bara mpaka maziwa makuu. Kimevuka kweli, kikabandikwa ukutani Beni, na mama aliyembeba mgonjwa akapita mbele yake kama anayepita mbele ya bango la sabuni. Nimeitumia nusu ya umri wangu kusahihisha Kiswahili cha watu. Niliposoma habari hiyo nilijiuliza ni mara ngapi nimemsahihisha mtu aliyekuwa akiniomba msaada.

Kisha likaja la fedheha kuliko yote. Wanawake wa Beni na Butembo walieleza kwamba baadhi ya wanaume waliokuja na misafara ya kupambana na Ebola waliwadai miili yao ili wawape kazi, kazi za kupika, kufagia, kuwatembelea wagonjwa majumbani. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021. Ilikuta watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa shirika hilo lenyewe. Hebu tulifikiri jambo hili kwa utulivu, kama linafikirika kwa utulivu. Mwanamke aliyekimbia wenye mapanga anakutana na mwenye koti la hospitali, naye anamdai kile kile ambacho mwenye panga angekichukua. Kwa mwanamke huyo, vita na tiba vimekuwa nyumba moja yenye milango miwili. Mtu akiniuliza usawa wa wanawake unahusiana nini na amani, namjibu kwa habari hiyo, wala sihitaji azimio.

Mmoja wa wenyeviti wenza wa tume ile alikuwa Julienne Lusenge, Mkongo wa mashariki, ambaye tangu mwaka 2000 yeye na wenzake wana jumuiya yao ya wanawake inayowatetea na kuwatibu waliobakwa. Kituo chao cha tiba mjini Bunia kinaitwa Karibuni wa Mama. Mwalimu wa sarufi angeishika kalamu nyekundu. Mimi nimeliandika jina hilo katika daftari langu kama lilivyo, kwa sababu sijui tafsiri bora ya kile nilichokuwa nikikitafuta katika kijitabu kile.

Si kwamba kila kitu Beni kilikuwa kibaya. Palikuwa na watu waliosikia. Vilijengwa vyumba vya kuta za plastiki angavu, ili mama amwone mwanawe na mwana amwone mama, maana mwanzoni mgonjwa alikuwa akimezwa na hema na kurudishwa ndani ya mfuko. Waliopona, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga, wakaajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mambo haya hayakuhitaji uvumbuzi mkubwa wa sayansi. Yalihitaji kumuuliza anayebeba kwamba anaogopa nini. Kule alikoulizwa, alileta wagonjwa wake mapema zaidi. Kule asikoulizwa, aliwaficha.

Najua yatakayosemwa. La kwanza litasemwa na wapenzi wa wanawake, nalo ni kwamba mwanamke ni mpole kwa maumbile, mpeni madaraka na vita vitakwisha. Simo katika dini hiyo. Mwaka 1994 waziri wa familia na maendeleo ya wanawake wa Rwanda alikuwa mwanamke, Pauline Nyiramasuhuko, na mahakama ya Arusha ilimtia hatiani mwaka 2011 kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji uliofanywa na watu waliokuwa chini ya amri yake. Rufaa ya mwaka 2015 ikaacha kifungo cha miaka 47. Waziri wa wanawake! Maumbile hayakumzuia. Kwa hiyo hoja yangu si ya moyo wa mwanamke bali ya mahali alipowekwa. Anayechota maji ndiye anayejua kisima kipi kimetegwa bomu. Anayempeleka mtoto zahanati ndiye anayejua kizuizi cha askari kinafunguliwa saa ngapi na kwa kiasi gani cha rushwa. Ujuzi huo hauko katika ramani ya kamanda, na amani inayopangwa bila ya ujuzi huo hupangwa gizani.

La pili ni zito zaidi, nalo husemwa na waganga wenyewe, watu ninaowaheshimu. Wao husema: kazi yetu ni kutibu, tukianza kusema habari za haki na amani, mwenye bunduki atatuona kuwa ni wapinzani, atafunga mlango, na atakayekufa ni mgonjwa. Mukwege alisema New York, na mwezi wa pili yake damu ikamwagika nyumbani kwake. Je, hakuwahatarisha wagonjwa wake? Nimelizungusha swali hili muda mrefu. Nakubali kwamba mganga anaweza kunyamaza juu ya nani ana haki katika vita, na pengine inampasa. Lakini hawezi kunyamaza juu ya nani amezuiwa kufika mlangoni pake, kwa kuwa kunyamaza huko ni kuipokea ile hesabu ya wenye vita na kuiandika katika daftari la wagonjwa. Lemera hakuna aliyekuwa amesema kitu, na bado waliuawa vitandani. Ulimwengu haukosi karatasi za kuwalinda: Azimio 1325 la Oktoba 2000 juu ya wanawake na amani, Azimio 2286 la Mei 2016 juu ya kulindwa kwa hospitali na waganga. Wenye bunduki hawakuzisoma.

Ndipo ninaporejea kwa wauza mananasi. Nilikuwa nikijiuliza walinunua nini kwa fedha ile. Mwanzoni nilidhani walimnunulia daktari tiketi. Baadaye nikaona kwamba walikuwa wakilipa deni, na mwenye kulipa deni amekwisha kujihesabu kuwa ni mtu mwenye mali, mwenye heshima, mwenye kudaiwa na mwenye kudai. Vita vilikuwa vimewaambia kwamba wao ni vitu vya kupitiwa njiani. Panzi iliwatibu miili, lakini kama ingeliwatibu kwa dharau, wangeliondoka na miili iliyoshonwa na hesabu ile ile. Walivuka maji na vikapu vyao wakaenda sokoni ili kumwambia mtu mkubwa, mwenye jina duniani: rudi, sisi tutakulinda. Bukavu ilikuwa bado katika vita siku ile daktari aliposhuka Kavumu. Hata hivyo, katika barabara ile, kwa saa chache, walinzi walikuwa wanawake, na hapana aliyethubutu kumgusa mtu wao.

Hiyo ndiyo amani ninayoweza kuiapia. Ni ndogo, najua, na Februari 2025 ilionesha udogo wake. Sina nyingine ya kuwauzia wasomaji.

Ama kile kijitabu, nilikirudisha baada ya wiki 2. Mahali pa makundi dhaifu niliandika wanaowabeba wagonjwa, na pembeni nikaeleza sababu yangu kwa mistari 3, kwa adabu. Kilipochapishwa nikaletewa nakala 5. Katika ukurasa wa 4 makundi dhaifu walikuwa wamerudi mahali pao. Nakala moja nikampelekea bibi, ingawa hasomi. Akaipapasa jalada lake, akaniuliza kama lile neno bado limo. Nikamwambia limo. Akakiweka kijitabu chini ya mto, akaniuliza kama nimekula.